Lawama Isiyoonekana: Huruma kwa Nafsi Iwe Sehemu ya Tiba Tarime na Serengeti

Kila ifikapo Desemba, shule zinapofungwa, katika wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara wapo wasichana wanaoondoka nyumbani, mara nyingine usiku, wakikimbia kukeketwa. Baadhi yao hufika kwa mwalimu au kwa kiongozi wa dini, wengine kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na wengi hatimaye hupokelewa katika nyumba salama kama zile za Masanga na Mugumu. Huko hupewa kitanda, chakula, matibabu na ulinzi. Hayo yote ni ya lazima, nayo yamewaokoa wengi. Lakini lipo jambo moja ambalo mlango wa nyumba salama hauwezi kulizuia, kwa kuwa msichana huingia nalo: lawama anayojibebesha mwenyewe.

Msichana huyo hujiona amemwachia mama yake aibu, amewavunjia wazazi heshima mbele ya ukoo, na amewaponza wadogo zake. Ikiwa mzazi amekamatwa, hujiona yeye ndiye aliyemfunga. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na lawama ya namna hii hula taratibu, mahali ambapo mpimaji wa shinikizo la damu hapaoni wala darubini ya maabara haipafikii. Hutokea kama kukosa usingizi, maumivu ya kichwa yasiyo na chanzo, kushindwa kula au kushuka kwa alama darasani. Mwenye nayo hufika kliniki akatoka na dawa ya kutuliza maumivu, na jambo lenyewe halikuulizwa.

Huduma ya afya katika wilaya hizi haitakuwa kamili mpaka ijifunze kuigusa lawama hiyo. Njia mojawapo, iliyo rahisi kufundishwa na isiyohitaji vifaa vya gharama, ni mazoezi ya uzingativu na taamuli yenye lengo la kumfundisha mtu kuihurumia nafsi yake. Mazoezi haya hayapaswi kungoja mpaka wilaya zipate daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Yanapaswa kuingia katika huduma ya kila siku, kama lilivyoingia somo la lishe na la usafi wa kidonda.

Maumivu yaliyokatazwa kusemwa

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kuwa kifungo cha miaka 5 hadi 15. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa, wakati asilimia 10 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, kiwango cha Mara kilikuwa asilimia 32. Maana yake ni kwamba katika benchi la kliniki ya wajawazito mkoani humo, kati ya wanawake kumi waliokaa wakisubiri, watatu hivi huenda wamepitia kisu.

Wanawake hao hawana tatizo la mwili peke yake. Makovu, maambukizi, maumivu wakati wa tendo la ndoa na matatizo ya uzazi yameandikwa sana katika vitabu vya tiba. Yasiyoandikwa sana ni mafunzo yaliyoambatana na kisu chenyewe. Katika desturi ya Wakurya, anayetahiriwa, awe mvulana au msichana, hutarajiwa kustahimili bila kulia wala kujikunyata. Anayelia huitia familia aibu. Anayenyamaza hupokewa kwa nyimbo na zawadi. Kwa njia hiyo mtoto hufundishwa somo ambalo halifutiki kirahisi: kwamba maumivu ni jambo la kufichwa, na kwamba anayeyaonyesha ana kasoro.

Msichana asiyekeketwa naye ana jina lake. Huitwa msagane, na jina hilo laweza kumfuata kisimani, shuleni, hata ndani ya ndoa. Anayelisikia kwa miaka hufika mahali ambapo halihitaji tena kutamkwa na mtu mwingine. Sauti ya ndani hulichukua na kulirudia. Kwa hiyo aliyekatwa hubeba aibu ya kuumia, na aliyekimbia hubeba aibu ya kutokatwa. Wote wawili wamefika katika chumba kimoja cha kliniki wakiwa na hakimu mmoja ndani ya kifua.

Yupo na mtu wa tatu, ambaye amevaa sare. Muuguzi au mkunga wa zahanati ya kijijini hupokea mwanamke aliyechelewa kufika, anayetokwa damu, huku gari la wagonjwa likiwa mbali. Mwanamke anapofariki, kikao cha kupitia vifo vya uzazi hufanyika kwa kanuni inayojulikana: kutotaja jina, kutolaumu, kutoaibisha, ili ukweli upatikane na makosa yasirudiwe. Kanuni hiyo ni ya busara. Lakini kikao kikiisha, mkunga hurudi nyumbani, na usiku kikao kingine huanza ndani yake, kisicho na kanuni hiyo hata moja. Mganga hajigangi, husema methali. Katika vituo vingi methali hiyo imegeuka kuwa desturi ya kazi, na gharama yake hulipwa na wagonjwa wa kesho yake asubuhi, wanaohudumiwa na mtu ambaye moyo wake umekufa ganzi kwa uchovu.

Huruma kwa nafsi ni nini

Neno lenyewe linahitaji kusafishwa. Katika matumizi ya kila siku, kujihurumia huweza kumaanisha kujidekeza: kukaa na kulalamika, kukwepa kazi, kujiona wa pekee katika mateso. Maana inayozungumzwa katika tiba ni nyingine kabisa. Mwaka 2003 mwanasaikolojia wa Marekani, Kristin Neff, alichapisha maelezo ya dhana hii ambayo sasa yanatumika sana katika utafiti. Aliigawa katika sehemu tatu. Ya kwanza ni kuitendea nafsi kwa upole badala ya kuihukumu. Ya pili ni kutambua kuwa kuumia na kukosea ni sehemu ya ubinadamu, wala si alama ya mtu mmoja aliyelaaniwa. Ya tatu ni uzingativu, yaani kuyaona maumivu kama yalivyo, bila kuyafukia na bila kuzama ndani yake.

Sehemu hizo tatu ni kinyume cha kujidekeza. Anayejidekeza hujitenga na wenzake. Mwenye huruma kwa nafsi hujiona mmoja wao. Anayejidekeza hukataa kosa. Mwenye huruma kwa nafsi anaweza kulitazama, kwa sababu kulitazama hakumvunji. Mkunga anayeweza kujiambia kwamba aliumizwa na kifo kile, kwamba wakunga wengine nao huumizwa, na kwamba kuna jambo la kujifunza, yuko tayari zaidi kusema ukweli katika kikao kuliko yule anayeogopa hukumu ya nafsi yake.

Sehemu ya tatu ndiyo mlango wa nyingine mbili, na ndiyo inayohitaji mazoezi. Mtu hawezi kuyahurumia maumivu ambayo amefundishwa kutoyaona. Hapo ndipo taamuli inapoingia. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika chuo cha tiba cha Massachusetts nchini Marekani, alianzisha mafunzo ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo. Aliyachota kutoka mapokeo ya Kibudha, akayaweka katika lugha ya hospitali, bila sharti la imani. Tangu wakati huo mafunzo ya aina hiyo yamefanyiwa utafiti mwingi, na yameonekana kuwasaidia watu kadhaa wenye wasiwasi, sonona na maumivu ya muda mrefu, ingawa si wote na si kwa kiwango kimoja.

Zoezi lenyewe ni jepesi kulieleza. Mtu huketi, miguu ikigusa ardhi. Huusikia uzito wa mwili juu ya kiti au mkeka. Huivuta pumzi bila kuilazimisha, kisha huitoa polepole, jambo linalosaidia mapigo ya moyo kutulia. Fikra inapokuja, na itakuja, huitambua kwa jina: hii ni hofu, hii ni lawama, hii ni kumbukumbu. Hagombani nayo wala haifuati. Huirudisha akili kwenye pumzi au kwenye nyayo. Baadaye huweka mkono juu ya kifua na kujiuliza swali moja: kama dada yake au rafiki yake angefika na mzigo huu huu, angemwambia nini? Jibu atakalolipata hujiambia mwenyewe, kwa lugha anayoiotea ndoto, iwe Kikurya, Kingoreme au Kiswahili.

Swali hilo ndilo kiini cha jambo lote. Ni mara chache sana mtu kumwambia rafiki aliyekimbia kisu kwamba ameharibu familia. Ni mara chache mkunga kumwambia mwenzake kwamba mgonjwa amekufa kwa sababu yeye hafai. Maneno hayo watu huyatunza kwa ajili ya nafsi zao. Zoezi humfanya mtu ayasikie, na akishayasikia huanza kuona kwamba hayakuwa yake. Aliyaazima.

Funzo kutoka Rhino Camp

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya miji ya Ulaya na Marekani, ya watu wenye nafasi. Ushahidi wa karibu zaidi hausemi hivyo. Kaskazini-magharibi mwa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, watafiti walijaribu mafunzo yaliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani kwa watu walio katika dhiki. Walioshiriki utafiti huo walikuwa wanawake 694 kutoka Sudan Kusini, wengi wao wakiwa wamepitia vita na ukatili. Waliogawiwa mafunzo walikaa kwa makundi katika vikao vitano vya saa mbili hivi, wakasikiliza maelekezo yaliyorekodiwa na kutumia kitabu cha picha. Waendeshaji hawakuwa wataalamu wa afya ya akili. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi. Mafunzo yalihusu kutulia na kushika kilichopo, kujinasua kutoka fikra zinazofunga, kutenda kwa kufuata mambo ambayo mtu anayathamini, na kujitendea kwa wema pamoja na wengine.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Dhiki ya moyo ilipungua zaidi kwa waliopata mafunzo kuliko kwa wenzao waliopata huduma ya kawaida. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa mara baada ya mafunzo. Miezi mitatu baadaye ilikuwa bado ipo, ingawa ndogo. Hilo lapaswa kusomwa kwa unyofu. Halikuwa ajabu la uponyaji, bali ni faida ya kiasi, iliyopatikana kwa gharama ndogo, mahali penye wataalamu wachache na mateso mengi. Ndiyo maelezo ya zahanati nyingi za Tarime na Serengeti pia.

Majibu kwa wenye shaka

Shaka ya kwanza hutoka kwa wazee. Wanauliza kama mafunzo haya hayatawalegeza vijana katika jamii iliyojengwa juu ya ujasiri. Swali hilo ni la heshima na linastahili jibu la heshima. Ujasiri wa kuvumilia bila kulia ni ujasiri mmoja, lakini si wa pekee. Kukaa kimya na kulitazama jeraha la miaka ishirini, bila pombe na bila kukimbia, kunahitaji moyo mgumu kuliko kunyamaza mbele ya kisu kwa dakika chache. Mafunzo haya hayaondoi ushupavu wa Wakurya. Yanaugeuzia mahali ambapo unahitajika. Mficha maradhi, kilio humfichua. Wanaume wenyewe, waliofundishwa kunyamaza wakiwa wavulana, wana haja ya mafunzo haya sawa na dada zao.

Shaka ya pili hutoka kwa waumini. Mara ni mkoa wa makanisa mengi, na Waislamu nao wapo. Wengine huogopa kwamba taamuli ni ibada ngeni. Jibu ni kwamba kuisikiliza pumzi si kuabudu kitu chochote, kama vile kupimwa mapigo ya moyo si ibada. Zaidi ya hayo, kimya cha maombi, mafungo ya kiroho na dhikri ni mambo yaliyokuwapo. Mgonjwa anayetaka kuliunganisha zoezi na sala yake aruhusiwe, asiyetaka asilazimishwe. Mhudumu wa afya asiwe mhubiri kwa upande wowote.

Shaka ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo hutoka kwa watetezi wa haki za wasichana. Wanahofu kwamba kumfundisha msichana kutulia ni kumfundisha kuvumilia dhuluma. Hofu hiyo ina msingi. Iwapo zoezi la pumzi litatolewa badala ya ulinzi, badala ya mashtaka, au badala ya ada ya shule, litakuwa usaliti. Huruma kwa nafsi haisemi kwamba yaliyotendeka ni sawa. Humwezesha msichana kusema kwamba hayakuwa sawa, na kwamba si yeye aliyeyatenda. Msichana anayejilaumu hushindwa kutoa ushahidi, au huukana ushahidi wake ili kuwalinda wazazi. Msichana aliyeondolewa lawama isiyo yake husimama vizuri zaidi mbele ya hakimu, na anaweza hata kuendelea kumpenda mama yake bila kukubali alichotaka kumtendea.

Tahadhari za kitabibu

Mazoezi haya yana hatari zake, na mhudumu asiyezijua asiyaanze. Kwa mtu aliyepata kiwewe, kufumba macho na kuuelekezea mwili akili yote kwaweza kuirudisha siku ya kisu kwa nguvu. Kwa sababu hiyo, aliyekeketwa au kubakwa aanze macho yakiwa wazi. Akili ielekezwe nje kwanza: sauti ya ndege, ubaridi wa kikombe mkononi, nyayo juu ya sakafu. Muda uwe mfupi, dakika mbili au tatu. Asiguswe na mtu. Awe na ruhusa ya kuacha wakati wowote bila kuulizwa sababu, kwa kuwa mtu ambaye mwili wake uliamuliwa na wengine anahitaji kwanza kurudishiwa haki ya kusema hapana.

Wengine huona uchungu zaidi pale wanapoanza kujitendea kwa upole. Machozi yaliyozuiwa kwa miaka huja kwa pamoja. Hiyo si dalili ya kushindwa, lakini ni dalili ya kwenda polepole na ya kutomwacha mtu peke yake siku hiyo.

Aidha, yapo mambo ambayo zoezi haliyatoshi. Anayezungumzia kujiua, anayesikia sauti zisizokuwapo, anayekosa usingizi kwa siku nyingi au asiyeweza kumhudumia mtoto wake apelekwe kwa mtaalamu bila kuchelewa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu matatizo ya kiafya yatokanayo na ukeketaji ulipendekeza tiba ya mazungumzo inayoshughulikia fikra na mwenendo izingatiwe kwa wanawake wenye sonona, wasiwasi au kiwewe. Uzingativu ni msaidizi wa tiba hiyo na wa dawa pale zinapohitajika. Mgonjwa asiache dawa kwa sababu amejifunza kupumua.

Yanayoweza kuanza sasa

Yapo mambo manne ambayo hayangoji bajeti kubwa. La kwanza, kila nyumba salama inayopokea wasichana msimu wa Desemba iwe na mlezi mmoja au wawili waliofundishwa mazoezi haya, nao wawafundishe wasichana kwa makundi madogo, pamoja na masomo ya sheria na afya wanayopewa tayari. Mafunzo yasikome siku ya kurudi nyumbani. Januari, msichana anaporejea kijijini baada ya wazazi kuahidi kutomkeketa, ndipo jina la msagane humngoja njiani, na ndipo atakapohitaji zaidi kujua la kujiambia.

La pili, kliniki ya wajawazito iweke nafasi ya swali moja la faragha: usiku, mwanamke anapokuwa peke yake, hujisemea nini? Mkunga anayeuliza swali hilo na kungoja jibu atagundua mambo ambayo kadi ya kliniki haina nafasi yake. La tatu, kikao cha asubuhi cha watumishi kianze kwa dakika tatu za kimya, na kikao cha kupitia kifo cha mgonjwa kimalizike kwa kumwuliza mtumishi aliyehusika jinsi alivyo. Mganga mfawidhi aanze yeye mwenyewe, kwani watumishi wa chini hawatakubali kuonekana wamechoka mbele ya mkubwa asiyechoka kamwe.

La nne, vyuo vinavyofundisha wauguzi, matabibu na madaktari viliweke somo hili katika mtaala kama ujuzi wa mikono, unaofanyiwa mazoezi na kukaguliwa, wala si kama mhadhara wa saa moja. Mwanafunzi asiyewahi kuiona lawama yake mwenyewe atakuwa mwepesi wa kuwalaumu wagonjwa wake. Atamkaripia mjamzito aliyechelewa, atamdhihaki mama aliyempeleka binti kwa ngariba, na wote wawili hawatarudi.

Huyo mama naye asisahauliwe. Wengi wa waliowapeleka binti zao walipelekwa na mama zao, wakanyamaza, wakapigiwa nyimbo. Mabadiliko yanapomfikia, humtaka akubali kwamba alichomtendea mwanawe kilikuwa madhara, na kwamba alichotendewa yeye kilikuwa hivyo hivyo. Ni ukweli mzito kwa mtu mmoja kuubeba kwa siku moja. Mama anayeubeba kwa lawama tupu huurudisha mgongoni mwa desturi na kuitetea desturi hiyo kwa ukali. Mama anayesaidiwa kuubeba kwa huruma aweza kuutamka mbele ya binti yake wa pili, na kisu kikaishia hapo.